Bahali Yetu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Garissa, na kazi yangu, ukiondoa chaki na makelele, ni kupigana na herufi mbili. Wanafunzi wangu karibu wote wanaongea Kisomali nyumbani, na Kisomali hakina p wala v. Basi pesa inakuwa besa, pilipili inakuwa bilibili, vitabu vinakuwa fitabu. Ngeli ndiyo usiniulize. Kila mtu anajichukulia ile iliyo karibu na mkono wake. Nikisahihisha insha, kalamu nyekundu inakauka kabla sijafika nusu ya rundo. Nimeimba miaka yote: si bahali yetu, ni pahali petu. Darasa zima linaitikia kwa adabu, ndiyo mwalimu, bahali yetu. Nikirudi nyumbani hasira inaniisha, maana nyumbani yuko mama yangu, na yeye ndiye aliyenifundisha kusema bahali kabla shule haijanifundisha vingine.

Mama anakaa nami mtaa wa Waberi tangu mto utufukuze shambani. Shamba letu lilikuwa chini ya mji, kwenye ukingo wa Tana, pahali ambapo babu zetu walikuwa wakinywesha mifugo tangu enzi na enzi. Baba naye alikuwa mtu wa ng'ombe. Ukame ulipowamaliza ng'ombe akashika jembe, na ndugu zake wakamcheka mpaka siku walipoanza kuja kuomba ndizi. Udongo wa pale ni mweusi na laini, ukichomeka hata kijiti cha kiberiti unaweza kukikuta kimechipua. Baba alikufa nikiwa chuoni, akazikwa makaburi ya mji kama watu wengine. Mdogo wangu wa kike yeye alizikwa shambani.

Homa ilimshika wakati wa mvua. Barabara ya mjini ilikuwa imekatika, lori limezama matopeni mpaka milangoni, na baba aliyekwenda kutafuta msaada kwa miguu alirudi akakuta mtoto hakuamka. Mimi nilikuwa msichana wa kutosha kutumwa, basi nikatumwa kuchuma majani ya mkunazi uliokuwa nyuma ya jiko, yale yanayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Mkunazi huo ndio tuliokuwa tukigombania matunda yake, mimi na yeye. Akazikwa chini yake. Ukingo wa Tana hauna mawe, ni udongo mtupu, kwa hiyo barabara ilipokauka baba alileta mawe kwa mkokoteni wa punda kutoka machimbo ya nje ya mji, akayapanga kuzunguka kaburi. Hayo ndiyo mawe pekee yaliyokuwa shambani kwetu, na sisi watoto tulikatazwa hata kuyaegemea.

Kila Ijumaa mama alikuwa akienda pale, anang'oa majani, anamwagia maji, anakaa. Siyo kuomba dua tu. Alikuwa anamweleza mtoto mambo ya nyumbani: nani ameolewa, mbuzi gani amezaa pacha, dada yako amekuwa mwalimu na kichwa chake sasa hakipiti mlangoni. Majirani walijua, na saa hiyo hakuna aliyemwita.

Mafuriko yalikuja wakati ambapo kwetu mvua yenyewe ilikuwa rasharasha. Mvua kubwa ilinyesha bara, huko juu, na mto ukatuletea. Sisi tulizoea mto kupanda. Unapanda, unaingia kwenye migomba, unashuka, unakuachia tope zuri la kupandia. Safari hii ulipanda ukakaa. Mama alitolewa kwa boti na vijana wa jirani, amekumbatia birika na mswala, akiwatukana kwamba wanamtenganisha mama na mtoto wake. Vijana wa watu wakawa wanageuka nyuma kumtafuta huyo mtoto majini. Nilimpokea barabarani. Hakuuliza habari ya mbuzi wala ya nyumba. Aliniuliza kama mawe yanaweza kuelea.

Kwangu Waberi wakaja watu wa pole. Mungu si Athumani, wakasema. Mali inatafutwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Wallahi, mtu akiniambia tena kwamba maji yakimwagika hayazoleki, nitammwagia hayo maji. Shekhe wa msikiti wetu, mtu mpole kabisa, alikuja naye akamweleza mama kwamba dua haina masafa, popote utakapomwombea mtoto itafika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjazia chai, akamwambia kwa Kisomali maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili:

"Dua itafika, shekhe. Mimi je, nifike wapi?"

Shekhe akanywa chai yake, akaaga.

Ndipo akaja profesa. Shule zilikuwa zimefungwa, na mtu ninayefahamiana naye kwenye ofisi za kaunti akaniambia kuna mgeni anatafuta mkalimani wa Kisomali. Profesa alikuwa mtu wa pwani, mzee mwembamba wa kofia ya viua, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Kazi yake ya maisha ni kutafuta nchi zilizozama. Alinieleza tukiwa ndani ya gari, vioo vimeshushwa, jasho linatutiririka. Zamani za zamani, kabla watu hawajajua chuma wala ng'ombe, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda barafu huko kwenye baridi, na bahari ilikuwa imerudi nyuma sana. Pale palipo na bahari leo palikuwa nchi kavu, watu wanawinda, wanaota moto, na Tana ulipita katikati yao. Kisha barafu ikayeyuka. Bahari ikapanda polepole, kizazi kwa kizazi, ikaifunika nchi ile na kuilaza chini ya tope. Yeye na wenzake huenda kwa boti, wanashusha bomba mpaka kwenye sakafu ya bahari, wanalivuta limejaa udongo, na ndani ya udongo huo wanakuta mizizi, mkaa, mifupa ya samaki waliochomwa. Sasa alikuwa anaufuata mto kurudi nyuma, kutafuta kingo zake za kale, kwa kuwa watu wale nao lazima waliufuata.

Garissa haina siri. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba tunatafuta mafuta. Mzee mmoja sokoni alinishika mkono, akataka nimnong'oneze tu ni upande gani kutachimbwa ili awahi kiwanja. Nikamwambia tunatafuta majivu. Mpaka leo hajanisamehe.

Nilimsimulia mama habari hizo asubuhi tukila anjera, kama kichekesho. Watu wazima, shahada zao begani, wanakwenda chini ya bahari kutafuta majivu. Mama hakucheka. Akauliza majivu ya nani. Nikasema hakuna ajuaye, ni watu wa kale, hata majina yao hayajulikani. Akauliza kama wameyapata. Nikasema wameyapata, ndiyo. Akaweka kikombe chini. Huku kwetu mtoto humwita mama hooyo, na mama naye humwita mtoto hooyo, neno linakwenda na kurudi baina yao.

"Hooyo," akaniambia, "wangu mimi ana jina. Mwambie amtafute."

Niliujutia ulimi wangu. Mfa maji haishi kutapatapa, na mimi ndiye niliyemtupia jani alishike. Niliahidi kumwambia profesa, na moyoni nikaomba akatae, nirudi na jibu baya ambalo si langu.

Hakukataa. Ndilo lililoniuma baadaye, kwamba alikuwa mtu mwema. Alisema wana mashine ya kusoma chini ya udongo bila kuchimba, inasukumwa kama mkokoteni wa maji, na jiwe ndani ya tope laini ni rahisi kuonekana kuliko mkaa wa watu wa kale. Kaburi lenye mawe, kwenye udongo usio na mawe? Akatabasamu. Maji yakishuka tutaipitisha, akasema. Nilimpelekea mama maneno hayo yalivyo, na jioni hiyo nikamsikia akiimba jikoni, kwa mara ya kwanza tangu mto ututoe. Mungu anisamehe, hata mimi niliamini.

Kwanza tulikwenda naye, mimi na mama, kuyaona maji. Yalikuwa bado yametanda, rangi ya chai ya maziwa, na vilele vya migomba vikionekana hapa na pale, vimeoza. Profesa alikuwa na kinasa sauti. Alitaka kusikia kwa wenyeji, nchi hii waliikuta vipi, waliambiwa nini na wazee wao. Nilijiandaa kutafsiri, mama akanizuia. Alisema yeye si bubu, na mgeni mwenye Kiswahili kama cha redio lazima ajibiwe kwa Kiswahili. Haya basi, nikasogea pembeni. Profesa akamuuliza hapa zamani palikuwaje. Mama alinyoosha mkono, akauzungusha kutoka majini mpaka kwenye miti ya mbali, machozi yakimlengalenga.

"Hii yote ilikuwa bahali yetu," akasema. "Toka babu ya babu. Sasa kwisha."

Profesa aliganda. Akamwomba arudie, kwa heshima, mkono kifuani. Mama akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akifurahi kwamba Kiswahili chake kinapendwa. Mmoja wa wenzake profesa akapiga picha, mkono wa mama ukiwa bado juu. Profesa akanigeukia kana kwamba anataka uthibitisho, nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Masikio yangu ya kuzaliwa yalisikia pahali. Masikio ya mtu wa pwani yalisikia bahari. Laiti mama angesema petu, ngeli ingetuokoa, lakini alisema yetu, na yetu inakaa sawasawa kabisa na bahari. Sikushuku kitu. Nilimwona mzee anajifuta macho, nikadhani amemhurumia mama.

Maji yalichelewa kushuka. Mama kila siku alikuwa ananiuliza yamefika wapi, kana kwamba mimi ndiye ninayeyashusha. Yaliposhuka, tukarudi na mashine, profesa na dada mmoja wa kuiendesha. Mama alivaa nguo ya Idi na kujifukiza ubani. Njia nzima alikuwa anamweleza yule dada kuhusu mawe, jinsi baba alivyoyapanga, lile kubwa upande wa kichwa. Yule dada alikuwa mtu wa Nairobi, anajibu kwa Sheng, mama haelewi hata nusu, lakini walielewana vizuri tu.

Tulitafuta mkunazi. Hatukuuona. Tukatafuta msingi wa saruji wa pampu ya maji, ambao baba aliujenga ukingoni kabisa. Huo tuliuona. Ulikuwa umelala ubavu katikati ya mto, maji yanaupita pande zote mbili, korongo amesimama juu yake. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya pampu, jiko nyuma ya nyumba, mkunazi nyuma ya jiko. Niliyapanga hayo kichwani, nikatazama pale ukingo ulipo sasa, mbali huko, ndani ya lililokuwa shamba la jirani, umekatwa wima kama mkate. Mama akasema kwamba hiyo si pampu yetu, ni ya watu wengine, imeletwa na maji.

Profesa hakutaka kumvunja moyo. Wakaisukuma mashine kwenye ukingo mpya, kwenda na kurudi, mama akiwafuata nyuma akiinua nguo ya Idi isiguse tope. Kisha wakakodi boti, wakashusha chombo chao kingine cha kupima chini ya maji, wakapita juu ya pale tulipokuwa tukila, tukilala, tukigombania kunazi. Sisi tulisimama ukingoni. Mama alikuwa ananishika mkono, na kila boti ikipunguza mwendo kidogo alinibana. Walirudi, yule dada akashuka bila kutuangalia, akaanza kufunga vifaa vyake. Chini kulikuwa na mchanga, akasema profesa, mchanga unaotembea. Hakuna jiwe hata moja.

Mama akamsogelea, akamuuliza kwa Kiswahili chake, bila kulia:

"Wale watu yako ya bahari wako. Mtoto yangu iko wapi?"

Profesa akavua kofia.

"Bahari ilipanda polepole, mama, ikawafunika," akasema. "Mto haufuniki. Mto unakula ukingo, na ukishaula unaondoka nao."

Nilimchukia wakati ule. Niliwachukia na wale watu wake, walale huko na mifupa yao ya samaki, hakuna mama anayewatafuta, hakuna anayejua hata walikuwa wanaitana nani, na bado mkaa wao umehifadhiwa kama amana. Mdogo wangu nilikuwa bado naikumbuka sauti yake akinililia nimwangushie kunazi za juu, na mto ulimchukua kwa msimu mmoja. Niliwaonea wivu maiti. Ni upuuzi, najua, lakini ndivyo nilivyohisi na sitaki kudanganya. Tukiwa njiani kurudi profesa alijaribu kuongea, akasema bahari sasa inapanda tena, hata miji yao ya pwani itakuja kuzama, na wajukuu wa wajukuu watakuja na mashine kuitafuta. Nadhani alitaka kutuambia kwamba hatuko peke yetu. Nikamwambia sisi tumewatangulia.

Mama hakuimba tena. Ikifika Ijumaa alikuwa anaoga, anavaa, anafunga mtandio, anavaa na viatu, halafu anakaa kitandani na viatu vyake, hana pa kwenda. Nikitoka shule namkuta hivyo. Sikujua la kufanya zaidi ya kumletea chai.

Siku moja ikaja bahasha. Profesa alikuwa ametutumia kijitabu chenye picha kuhusu nchi zilizozama, karatasi yake inang'aa. Nikafunua nikamkuta mama, mkono wake umenyooka kuelekea majini. Chini ya picha waliandika kwamba huyu ni bibi wa Garissa akionyesha ilipokuwa bahari ya mababu zake, na maneno yake mwenyewe yakafuata: hii yote ilikuwa bahari yetu. Pembeni profesa akaeleza kwa mshangao jinsi wafugaji wa mbali hivyo na pwani walivyoweza kubaki na kumbukumbu ya bahari, babu kwa babu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, mimi, mwalimu wa herufi b. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa kwa nini profesa alikuwa anajifuta macho siku ile. Hakuwa amemlilia mama. Alikuwa amefurahi. Nilichukua simu nimpigie, nimweleze waziwazi, wafute hayo maneno kabla watoto wa watu hawajayasoma shuleni.

Mama akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kisomali, na ilibidi nieleze sana, kwa sababu kwa Kisomali pahali ni meel na bahari ni bad, hayakaribiani hata kidogo. Nilitegemea achukie, au acheke nami. Alikichukua kijitabu, akajitazama pichani. Kisha akaniuliza mto Tana, ukitoka hapa, unaishia wapi. Nikamwambia unaingia baharini. Akauliza, na vyote unavyobeba? Nikamwambia vyote.

"Basi yeye hakukosa," akasema, kwa Kiswahili, polepole. "Bahali yetu ni bahari. Mwache hifyo hifyo."

Sikupiga simu. Kijitabu kiko chini ya mto wake wa kulalia, na mambo hayo tangu siku hiyo anayasema kwa Kiswahili tu, kwa kuwa kwa lugha yake hayasemeki. Ijumaa iliyofuata nilimkuta kitandani, amevaa, viatu mguuni. Mama hajaiona bahari maisha yake yote. Nikamwambia tutakwenda, shule zikifungwa nitampeleka mpaka Lamu, mabasi yapo, asimame ufukweni amsomee mtoto dua na kumweleza habari zote za nyumbani alizomlimbikia. Nilisema kwa furaha kabisa, nikidhani hatimaye nimepata jibu la kumpa. Aliniuliza kama bahari ni kubwa kuliko mto ulipofurika. Nikasema ni kubwa zaidi, upande wa pili hauonekani.

"Nikifika huko," akasema, "nitasimama bahali gani?"

Akainama, akavua viatu.